Chakula cha Rashidi

Bukavu, Muhungu, tarehe 9 Oktoba 2023

Kwa yaya, kaka yangu mkubwa Anaclet,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na Fabiola na mtoto wenu Mapendo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba ile homa ya mtoto imekwisha kabisa. Sisi huku tunaamka, Mungu asifiwe. Mvua imeanza kwa nguvu na njia ya kushuka kwetu imekuwa matope matupu, lakini nyumba inasimama. Papa anakula, anatembea, Jumapili anaimba koro kanisani kama kawaida yake. Ukimwona utasema hana neno. Mimi ndiye sielewi tena ninachokiona, ndiyo sababu nimeketi kukuandikia badala ya kungoja siku mtandao wa kisiwa chenu cha Idjwi utakapokubali. Mambo haya hayasemeki kwa simu inayokatika.

Ulisikia kwamba Papa ameingia filamu, na najua ulicheka. Hata mimi nilicheka. Ilianza mwezi wa saba, Gloire alipokuja kwenye cherehani yangu. Gloire ni yule kijana anayepiga video za ndoa. Alikuwa ametunga filamu yake ya mapigano, Ajida Radi, juu ya polisi mwenye cheo cha ajida aliyegeuka mnyang'anyi, anayefunga watu bure na kutesa mtaa mzima mpaka mtaa unaamka. Alitaka nimshonee yunifomu nne, za rangi isiyofanana na ya polisi wenyewe, maana ruhusa alipewa kwa sharti hilo. Bunduki zao zilikuwa za mbao zilizopakwa dawa ya viatu, na damu ilikuwa tomate, nyanya ya kopo, iliyozimuliwa. Pikipiki walikuwa nayo moja tu, basi asubuhi walimpiga picha mwizi akikimbia nayo, mchana wakampiga picha polisi akimfukuza juu ya pikipiki ileile.

Aliyepaswa kuwa Ajida Radi alipata kazi Goma akaondoka. Siku hiyohiyo Gloire akamwona Papa anavuka uani na mgongo wake ule ulionyooka, akaniuliza kama ni kweli mzee aliwahi kuwa polisi. Nikamwambia ni kweli, miaka ishirini na mbili, lakini asijisumbue kumwomba, maana hata sisi watoto wake hatujawahi kumsikia akiisimulia ile kazi. Gloire aliomba, Papa akakataa. Siku ya tatu Papa mwenyewe akaja kuniomba yale makaratasi ya filamu. Aliyasoma yote, akayasahihisha kwa kalamu ya bic: ufunguo haushikwi hivi, mfungwa haketi upande huu. Kisha akasema atacheza.

Yaya, alicheza kupita wote. Alipovaa ile yunifomu niliyomshonea mimi na kumwambia mtu asimame, mtu alisimama, hata yule aliyekuwa anapita njia yake tu.

Sasa nifike kwenye kile kipande kilichonifanya nikuandikie. Kilipigwa picha Jumatano moja ya Agosti, saa tisa ya mchana, katika depo ya zamani kule Bagira waliyoifanya kuwa gereza. Mimi nilikuwepo kwa ajili ya nguo. Joviale, msichana wa koro, anacheza mama wa kijana aliyefungwa, na katika makaratasi kijana huyo anaitwa Steve. Mama anamletea mtoto chakula katika sahani iliyofungwa kwa kitambaa. Ajida Radi anapaswa kumtukana, kuipiga sahani teke na kumfukuza.

Papa hakupiga teke. Aliipokea sahani kwa mikono miwili, akafungua kitambaa, akatazama ndani. Kisha akasema polepole, kama mtu anayesoma: "Maman, usilete tena chakula. Rashidi alikufa siku ya tatu. Sikumupiga miye, miye nilikuwa nashika ufunguo tu. Ile chakula ya siku ya ine, ya tano, ya sita, mpaka ya tisa, yote nilipeleka kwangu."

Joviale, maskini, akasahau kwamba anaigiza. Akauliza Rashidi ni nani. Papa akamjibu, "Ni mutoto yako." Akafunga tena kitambaa, akamrudishia sahani, akatoka nje.

Watu walipiga makofi. Gloire alisema hajawahi kuona mchezo kama ule, akaapa hatagusa hata neno moja. Mimi nilikuwa nimesimama na pasi ya makaa mkononi mpaka mtu akaja kuniambia nitaunguza suruali.

Tulipokuwa tunarudi nilimwuliza Papa yale maneno aliyatoa wapi. Akasema, "Ile ni filamu, Nsimire. Mbele ya kamera mutu anasema kenye kinakuja." Kisha akazungumza juu ya mvua.

Lakini wewe unakumbuka, yaya. Nilikuwa na miaka tisa, wewe kumi na miwili. Mshahara wa Papa ulikuwa hauji, tulikuwa tunalala na uji. Halafu likaja juma lile ambalo Papa alirudi kila jioni na chakula: wali wenye iliki na karafuu, viungo ambavyo kwetu hatukuvijua, na samaki wa kukaanga juu yake. Wewe uliuliza kama polisi wameajiri mpishi. Papa alisema ni mabaki ya karamu. Maman, Mungu amlaze pema, hakukigusa hata siku moja. Alisema tumbo linamsumbua. Tulifurahi, tukagawana sehemu yake.

Majuma mengi sikulala vizuri. Mara nilisema ni filamu kweli, mzee amebuni. Mara nilisema mtu habuni jina. Mwishoni nikaenda Kadutu ninakonunua vitambaa, kwa wale wafanyabiashara Waislamu ambao wazee wao walitoka Uvira, nikauliza kama kuna aliyesikia habari za Rashidi aliyefungwa zamani asirudi. Wa kwanza hakujua. Wa pili alinitazama, kisha akanionyesha mlango wa nne kutoka pale.

Anaitwa Maman Maisara. Ni mzee sasa, anauza vitenge akiwa ameketi, wajukuu ndio wanamshushia vitambaa. Nilimwambia nimekuja kwa ajili ya Rashidi. Hakushtuka. Alimtuma mjukuu nje, akaniambia nikae. Nilikuwa nimemwomba Gloire kile kipande kwenye simu, basi nikamwonyesha. Alikitazama mara mbili.

Akaniuliza, "Huyu mzee ni nani wako?"

Nikamwambia ni papa yangu.

"Na chakula changu alikula nani?"

Nikasema, "Sisi watoto wake. Tulikuwa wawili."

Alikunja kitenge kilichokuwa mapajani, akakikunjua, akakikunja tena. Nilingoja anifukuze. Akauliza, "Kiliwatosha?"

Nilisema kilitutosha.

Basi akanisimulia. Rashidi alikuwa na miaka kumi na tisa, alikamatwa kwa kukosa kitambulisho. Mama alipeleka chakula siku tisa kwenye kile kituo kidogo cha polisi, kile ambacho siku hizi hakipo tena. Siku ya kumi walimwambia amehamishwa, wasimwambie wapi. Hakuonyeshwa mwili, hakuonyeshwa kaburi, hata sala ya maiti Rashidi hakusomewa. Alisema hana la kumfanya mzee wa umri ule. Anataka jambo moja: Papa aje kwa miguu yake, bila kamera, amwambie walimlaza wapi mtoto wake.

Nilirudi nikamweleza Papa. Sasa nikuambie ninachoshindwa kuelewa. Hakukana. Alivaa koti na viatu vya misa, akatoka, nikamwona amefika barabarani. Baada ya nusu saa amerudi, anasema magoti yanauma. Juzi tena, jana tena. Wakati uleule Gloire anataka kuionyesha filamu katika sala ya parokia, ule ukumbi wa mikutano, Jumapili ya tarehe 22, na nilipomwomba akiondoe kile kipande, Papa ndiye aliyekataa. Alisema kama kinaondolewa, basi na yeye aondolewe kote. Anaweza kusema mbele ya watu mia tatu wasiomjua Rashidi, hawezi kusema mbele ya mama mmoja anayemngoja. Nikimtazama anakula, sijui namtazama nani. Sijui nimchukie au nimfunge kamba za viatu. Siku moja nafanya hili, siku ya pili lile.

Nilitaka kuishia hapo, lakini barua hii ingekuwa ya uongo.

Kuna neno jingine aliloniambia Maman Maisara. Alisema siku ya saba alikuwa amechoka kufa, na pale langoni akamkuta mtoto wa kike amevaa yunifomu ya shule. Akamwuliza kama anamjua Rashidi, kama anakula. Yule mtoto akamjibu, "Anakula vizuri, maman. Anamaliza yote." Alisema usiku ule alilala, na kwamba miaka yote hii anamwombea yule mtoto dua, popote alipo.

Yaya, mtoto yule ni mimi. Maman yetu alikuwa amenituma kumpelekea Papa shati safi. Sikujua kwamba Rashidi amekufa, naapa mbele ya Mungu. Lakini kile kitambaa cha sahani nilikitambua, kilikuwa kwetu jana yake jioni. Nilijua kwamba wanaokula ni sisi. Niliogopa nikisema sijui, kesho hataleta tena.

Sikumwambia. Nilimshukuru, nikaondoka kama mwizi, na yeye akanisindikiza mpaka mlangoni. Tangu siku hiyo najiuliza: nikimwambia, namtendea haki au namnyang'anya ule usiku mmoja aliolala? Nimeomba, sijapata jibu. Nilifikiri nimuulize padri, nikaona nianze na wewe, maana tulikula pamoja.

Basi nakuomba, uombe ruhusa pale kwenye kituo cha afya unakofanya kazi, uje na boti ya Jumamosi, kabla ya siku ya filamu. Papa anakusikiliza wewe kuliko mimi. Tutamshika mmoja huku, mwingine huku, mpaka mlango ule wa nne. Yeye aseme walikomweka Rashidi. Akishamaliza, na mimi nitasema langu. Wewe si lazima useme kitu, lakini uwepo.

Hajui kwamba nimekuandikia. Ukifika, mwambie umekuja kumtazama tu.

Mbusu Mapendo kwa niaba yangu, umpe Fabiola pole za kuuguza. Gauni la mtoto nimeshalikata, nitawatumia likiisha. Mungu awalinde ninyi nyote wa nyumba hiyo, na akutoe salama ziwani.

Mimi mdogo wako,
Nsimire