Jina Alilotoka Nalo

Alhamisi, 12 Juni 2025
Nkowe. Ufuta unakauka uani kwa Bi Mwamina, harufu yake inanilevya. Huu ni mwezi wa kumi na moja tangu tuvuke Ruvuma, mimi na binti yangu Zuhra. Hajra, mama yake, tulipotezana naye siku tuliyokimbia vita kwetu. Sijui yu hai.

Bi Mwamina, aliyetupa chumba, kasema Zuhra amekua; Jumamosi aingie unyago na wenzake. Atatoka na jina jipya. La zamani haliitwi tena — kuliita ni kumvunjia heshima. Nimekataa. Hajra anamtafuta Zuhra! Akifika akauliza, ataambiwa hatumjui.

Ijumaa, 13 Juni
Nimebishana tangu asubuhi. Nimetaja sheria, historia, vitabu vitatu. Bi Mwamina anapepeta tu. Kisha: huko kwenu, Mwalimu, mlibishana mpaka na mvua? Mtoto asiyechezwa unyago hapa hana wenzake. Ndicho unachotaka?

Miaka ishirini nimegombana na wakubwa kwa kalamu. Mama mwenye ungo kaninyamazisha. Na Zuhra mwenyewe anataka kwenda.

Jumanne, 24 Juni
Ndoto ileile. Mto mweupe kama maziwa, hauna sauti. Hajra kasimama ng'ambo, midomo inacheza, sisikii. Nimeamka, ngoma za wali, wasichana wa unyago, zinalia mbali — au naota bado? Wanaume hatukaribii kule. Hakuna hata wa kumwandikia barua ya kupinga.

Jumamosi, 5 Julai
Wametoka. Kanga mpya, mafuta yanang'aa, macho chini. Somo wao, kungwi aliyewafunda, akataja majina, mmoja mmoja. Wa tano, wangu: Hajra.

Hapa majina hurithiwa kwa marehemu. Nikamvaa Bi Mwamina: nani kamwambia mwanangu mama yake kafa?

— Kachagua mwenyewe, Mwalimu. Muulize.

Nikamuuliza. Akanong'ona, macho bado chini: Baba, ukiniita kwa sauti kila siku, siku mama akipita njiani ataitika.

Jioni sasa. Ugali umeiva. Yuko nyuma ya nyumba na wenzake, wanacheka. Nimeambiwa nimwite aje kula. Nimetoka mpaka mlangoni. Barabara ya Ruangwa nyekundu, vumbi limesimama hewani, watu wanapita ndani yake kama ndotoni. Nimefungua mdomo. Nimerudi ndani, naandika hili kwanza.

Bi Mwamina anauliza tena kutoka jikoni: Mwalimu, umemwita?