Simu yangu mpya imetoa siri ya mgonjwa

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, kwa sababu mume wangu ameniambia ninyamaze na mimi kunyamaza kumenishinda.

Mimi ni muuguzi, nilipangiwa kazi huku Nkololo nikitokea Bukoba nikaolewa huku huku, na miaka yote nilikuwa na simu ndogo inayokaa mfukoni mwa sare na kishikwambi cha nyumbani ambacho kila mtu alikigusa, watoto, wifi yangu Esteria, hata mama mkwe, mayu kama tunavyomwita, akitaka kuwaona wajukuu walioko Mwanza, sasa nikachoka kuchaji vitu viwili na kutafuta picha iko kwenye kipi, nikavitoa vyote nikachukua simu moja ya kukunja, ukiifungua inakuwa pana kama daftari, na laini ninayopigiwa na wagonjwa nikaiweka humo humo.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana walikuwa wanaangalia video ya harusi ya shemeji, simu ameishika Esteria, mimi naosha vyombo, nikamsikia anasoma kwa sauti: "Dada nesi, sindano yangu ya uzazi wa mpango imefika tarehe, nije kesho? Maige atakuwa mnadani." Akamgeukia mayu akasema, "Kumbe Eufrasia anazuia, na mwenzake kila siku analilia mtoto wa kiume." Nilimpokonya simu mikono ikiwa na povu.

Eufrasia anaimba kwaya moja na Esteria, ana mabinti watatu, mdogo bado ananyonya, na mumewe, Maige, humpiga, mimi mwenyewe niliwahi kumshona juu ya jicho. Nilimwomba Esteria asiseme popote, akanijibu, "Wifi, kwani mimi ni mtoto?" na tangu siku hiyo ananinunia. Kesho yake Eufrasia alikuja, nikamchoma sindano, akanishukuru kwa kumtunzia siri yake, nikamwambia karibu. Mshauri, nilisema karibu.

Wiki mbili zimepita na sijasikia neno mtaani. Mume wangu anasema nikimwambia Eufrasia nitapoteza kazi bure kwa jambo lililokwisha kulala. Je, nirudie simu mbili, au kuna namna ya kuifunga hii ili ujumbe usionekane?

Harieth (majina yote nimebadilisha)

Mshauri anajibu:

Pole, Harieth. Naona jambo hili linakula moyo wako, na hiyo ni dalili nzuri. Ila barua ndefu hivi, halafu swali la mwisho ni la simu? Hilo ni jepesi: nunua kitochi, simu ndogo ya vitufe, hamishia humo laini ya wagonjwa, kisiguswe na mtu mwingine. Hiyo kubwa ibaki ya harusi na wajukuu. Na usimlaumu Esteria. Ulijua ni siri za nani zinaingia kwenye laini ile, ukaiacha mikononi mwa familia nzima.

Sasa Eufrasia. Watu watatu nyumbani kwako wanajua jambo linaloweza kumfanya apigwe, na yeye hajui kwamba wanajua. Mumeo anasema limelala. Si yeye atakayepigwa.

Kesho asubuhi nenda kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chenu, mweleze mwenyewe kabla hajaelezwa na mwingine. Ukipewa onyo, lipokee. Esteria usimtishe. Mwombe radhi kwa kumtwisha siri asiyoiomba, mwambie akiitamka kuna mtu ataumia, na usimwongezee hata neno moja zaidi ya hapo.

Eufrasia usimpigie wala usiende kwake. Atakuja kumpima mtoto uzito. Siku hiyo mwite chumbani, funga mlango, mwambie ni nini kilisomwa na nani walisikia. Muulize ana ndugu gani wa kukimbilia, anataka kuhudumiwa wapi, na kama angependa usaidizi wa dawati la jinsia la polisi. Aamue yeye.

Akikasirika, usijitetee, na usilie mbele yake akaanza kukubembeleza wewe. Kaa umsikilize mpaka amalize.