Mishale ya Mtoto wa Unguja

Ami Seif,

Salamu za walio hai hazikufai tena, basi naanza na dhambi yangu. Aliyewapeleka waokoaji kusini ni mimi.

Boti ya upimaji ilipopinduka nawe ukapotea, bosi aliitisha ramani ya mikondo ya majira ya baridi. Niliichora mimi, hapa Riyadh. Nilitakiwa nisubiri zile kadi ulizotia chupani na kuzitupa baharini, kusini mbali na Jeddah, ili kila aokotaye chupa aandike kaiokota wapi na kuturudishia kadi. Kadi zikachelewa, nikachoka kungoja. Nikajiambia, Januari ni kaskazi, upepo wasukuma maji kusini, nani asiyejua? Nikaelekeza mishale yote kusini. Bahari ya watu nikaipa majira ya kwetu Unguja.

Nawe ulishanionya, bilauri ya chai mkononi: "Huku kinyume, mwanangu. Baridi ikiingia upepo watoka kusini, maji yapanda kaskazini. Usichore kwa mazoea." Nikaitikia ndiyo, ami. Nilikuwa nawaza chakula.

Walikutafuta kusini siku nne. Ya tano ukaonekana kaskazini, umelikumbatia dumu tupu, na daktari akasema hata siku moja haijatimia tangu ukate roho. Siku nne ulikuwa hai, ami, na boti zinakupa mgongo.

Kisha bosi akaniletea ramani. "Yalla, weka alama alipookotwa, halas, yaishe." Nikaweka nukta, nikageuza mishale. Wewe sasa ni kipimo, tena kizuri kuliko chupa zote. Alipouliza kosa lilitoka wapi, akajijibu mwenyewe kwamba kadi zako, alizodhani nilichora kwazo, hazikuwa sawa. Nikajifanya hamnazo. Mwezi uliofuata nikapandishwa cheo.

Maneno hayo yamemfikia mkeo, Bi Zuwena. Nilipokwenda Jeddah kumpa pole alinipakulia wali, akasema, "Laiti ami yako angekusikiliza wewe uliyesoma." Nikala. Nilikula sahani nzima, Mungu ananiona.

Sikuombi msamaha, kwa kuwa ungenipa, na mimi ningelala usingizi. Nakuahidi moja tu. Alhamisi napanda basi, nimwambie mkeo kadi zako hazikuwa na kosa. Hakujaaliwa kuzaa, unajua. Mwana aliyenaye ni mimi uliyemletea nikiwa na miaka minane. Nitamrudishia mume, na papo hapo nitamnyang'anya mtoto.

Kwaheri, ami. Nitamwambia kabla hajapakua.