Karafuu za Kweli, Ndege ya Mbao

Malindi, Unguja

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na amani ya Mungu iwe nyumbani kwetu kote, kuanzia barazani mpaka jikoni. Natumai Zaituni ndiye anayekusomea. Zaituni mdogo wangu, soma polepole na usiruke sehemu, maana nakujua. Mama, goti linaendeleaje? Bado linakuuma ukipanda kutoka ziwani? Na yule jogoo anayewafukuza wageni, mmeshamchinja au bado ndiye mwenye nyumba? Mimi huku ni mzima kabisa. Nakula, nalala, na kazi ninayo.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ungeikata kabla sijafika katikati. Barua huwezi kuikatisha. Najua video imeshafika Ujiji, ile inayomwonyesha mwanamke mwenye gauni la kijani akipandishwa gari la polisi pamoja na magunia matatu. Naam, Mama, ni mimi, na gauni ni lile ulilonishonea wewe. Lakini mwanao hakuiba kitu wala hakumdhulumu mtu, na ukinisikiliza mpaka mwisho utaona kwamba siku ile sikukuaibisha.

Nilishakwambia kwamba nimepata kazi ya kutunza vifaa kwenye filamu. Maana yake, kila kitu ambacho mwigizaji anakishika mkononi kimepitia kwangu. Ukimwona mtu kwenye filamu yetu anakunywa chai, chai hiyo nimeipika mimi, na kikombe nimekitafuta mimi madukani Darajani mpaka nikakipata chenye rangi ya zamani. Sijisifu, ila kazi hii naiweza. Mkurugenzi wetu, Bwana Edgar, kijana wa Dar es Salaam mwenye haraka zake, hukasirika na kila mtu lakini vifaa vyangu hajawahi kuvirudisha.

Filamu yenyewe ni ya kuchekesha, ya mambo ya wahalifu, ila kisa ni cha kweli. Ni cha mzee mmoja anayeitwa Kapteni Mbarouk, ambaye bado yu hai na anakaa ghorofani hapa hapa Malindi, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Zamani, wakati sabuni na sukari zilikuwa za kutafuta kwa tochi, Kapteni alikuwa rubani wa magendo. Alikuwa akipakia karafuu kwenye ndege ndogo, anazirusha mpaka Mombasa, halafu anarudi na dawa ya meno, kanga na betri za redio. Akikusimulia utashika mbavu. Kuna mahali anasema askari walitokea wakati wanapakia, yeye akawasha ndege akaondoka, na mpakizi wake akabaki anaikimbiza ndege huku gunia liko kichwani, anapiga kelele "Ngoja! Ngoja!" Hapo ndipo watu wote hucheka. Bwana Edgar alicheka akaliweka tukio hilo kuwa kilele cha filamu. Na mimi nilicheka, Mama, sitaki kukudanganya.

Ndege tumeitengeneza ya mbao na mabati. Haina injini. Inavutwa kwa kamba ndefu na gari ambalo kwenye picha halionekani. Tuliiweka kwenye uwanda wa mawe ya matumbawe karibu na Jambiani, na kwa mbali ungeapa kwamba itaruka.

Sasa njoo kwenye magunia. Bwana Edgar aliniambia niyajaze maranda ya seremala na kutandaza karafuu kidogo juu. Nikakataa kimoyomoyo. Mtu aliyebeba maranda anatembea kama amebeba mto wa kulalia, na mtazamaji anaona. Aliyebeba karafuu shingo inazama mabegani na magoti yanafunguka. Nikataka karafuu za kweli, na kwa kiburi changu sikumwambia mtu isipokuwa Kapteni, nikamuuliza wapi nitazipata za kuazima.

Akaacha kucheka, yeye ambaye haachi. Kisha akasema, "Nenda kwa Haji, huko mashamba ya kaskazini. Ana mikarafuu mizuri. Lakini usimtaje jina langu."

Nikadhani wamegombana kizee. Nikaenda, nikamkuta Mzee Haji amekaa pembeni ya majamvi yake, anageuza karafuu zilizoanikwa. Nilimwambia ni za filamu, sikumwambia filamu ya nani. Mzee mpole, hana maneno mengi. Akanijazia magunia matatu, akayafunga mwenyewe kwa kamba ya usumba wa nazi, kwa fundo lake la kipekee, akasema, "Utanirejeshea Ijumaa, nikauze." Hakutaka hata asante.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, Mama, na ni kosa la mtu wa Kigoma. Kwetu ukiwa na mawese yako unayapakia kwenye basi unakwenda unakotaka. Huku karafuu ina sheria yake peke yake. Inauzwa kwa shirika la Serikali tu, na haibebwi ovyo barabarani bila kibali. Kila mtu Unguja analijua jambo hili tangu tumboni, ndiyo maana hakuna aliyenieleza. Mzee Haji aliniona na faili la filamu mkononi akadhani kibali kimo ndani.

Basi asubuhi tukaondoka na pikapu kwenda Jambiani. Mbele tulikaa mimi na dereva. Nyuma, juu ya magunia, alikaa Machano, mwigizaji wetu mchekeshaji anayecheza nafasi ya mpakizi, pamoja na mwenzake anayecheza askari, tayari amevaa sare zake. Viatu vilikuwa vinambana, kwa hiyo alivaa ndala. Njiani tukasimamishwa na askari wa kweli.

Askari alisogea, akanusa, akasimama. Karafuu haifichiki.

"Mmebeba nini huko nyuma?"

"Karafuu," nikasema, kwa sauti ya mtu asiye na hatia.

"Za nani? Mnazipeleka wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, Machano, ambaye usiku kucha alikuwa akikariri maneno yake, akajibu kutoka nyuma, "Zinapakiwa ndege, afande, zinakwenda Mombasa."

Askari yule akamtazama askari wetu kuanzia kofia mpaka kwenye ndala. "Na wewe? Kituo gani wewe?"

"Mie... mie si askari, afande. Mie muuza juisi. Huku nnaigiza tu."

"Haya shukeni. Wote."

Watu walikuwa wameshajaa na simu zao. Hiyo ndiyo video mliyoiona, na kama mlisikia mtu anacheka ni Machano, maana akiogopa hucheka.

Kituoni hakukuwa na kicheko. Mkuu wa kituo alikuwa mtu mzima, mtaratibu, na watu wataratibu ndio wanaoogopesha. Bwana Edgar akaja na karatasi zake, na kwenye orodha ya vifaa imeandikwa maranda. Alisema kweli tupu, kwamba hakunituma karafuu. Siwezi kumlaumu. Lakini alisema akiwa amesimama mlangoni, akaondoka bila kukaa.

"Dada," mkuu wa kituo akaniambia, "hapa tunataka jina moja tu. Karafuu za nani?"

Ningelitaja, Mama. Nilikuwa na jina mdomoni. Lakini tulipokuwa tunasubiri kwenye benchi, Machano alikuwa amenong'ona, "Dada Mwanaidi, magunia haya umeyatoa kwa Mzee Haji? Hulijui fundo lake? Mzee Haji ndiye yule mpakizi. Ndege ilivyoondoka alishikwa yeye. Kafungwa miaka mitatu, kapigwa, na jina la Kapteni hakulitaja hata siku moja. Kapteni tangu siku hiyo hajamtia machoni."

"Na wewe unamwigiza na unajua?"

"Nafanyaje? Nnaigiza, dada. Mjini wote wanajua, basi kimya tu."

Kwa hiyo nilikuwa najua kwamba nikifungua mdomo, mzee aliyefungwa kwa karafuu za mwenzake anafungwa mara ya pili kwa filamu inayomcheka. Nilikutaka wewe, Mama, nilikutaka kama mtoto. Lakini sauti ilitoka vizuri.

"Mwenyewe simtaji," nikasema.

"Basi kesi ni yako."

"Andika yangu."

Akaandika. Aliandika polepole, herufi moja moja, na mimi nilijiona nimeshavaa nguo za jela.

Baada ya adhuhuri mlango ukafunguka akaingia Kapteni Mbarouk na bakora yake, anatweta. Machano alikuwa amempigia simu. Mzee yule ambaye kila siku huingia mahali kwa mzaha, siku ile hakuwa na mzaha. Akaiweka bakora juu ya meza.

"Mwache binti huyu. Andika jina langu. Mie ndiye nliyemtuma."

"Shikamoo, mzee," mkuu wa kituo akasema. "Karafuu ni zako?"

"Si zangu. Lakini lawama yangu. Nshachelewa kuja kwenye kituo hiki miaka arobaini, usinicheleweshe zaidi."

Mkuu wa kituo hakuelewa. Na kabla hajauliza, Mzee Haji naye akaingia. Mjukuu wake alikuwa amemwonyesha ile video, akayajua mafundo yake, akapanda gari bila kuitwa na mtu. Alikuwa na kitambulisho cha mkulima mkononi.

"Karafuu zangu," akasema. "Nimemuazima binti huyu. Kama kuna kosa, nilikosa mie kutomuuliza kibali."

Halafu akageuka akamwona Kapteni.

"Haji," Kapteni akasema. "Siku ile niliogopa."

"Najua," Mzee Haji akajibu. Hakupandisha sauti. "Hata mie niliogopa. Lakini mie sikuwa na ndege."

Kapteni akakaa chini kwenye benchi yetu, akalia mbele ya askari na mbele yetu, bila kujifunika uso. Mzee Haji akabaki amesimama kwa muda. Kisha akaenda akakaa naye, si karibu sana, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Na mimi nililia, kwa sababu hofu ilikuwa imenitoka yote mara moja.

Mkuu wa kituo akawaita watu wa karafuu. Wakaja, wakakagua magunia, wakakiangalia kitambulisho, wakaona mzee ni mkulima wao aliyeandikishwa na kwamba hakuna gramu iliyouzwa. Nikakaripiwa kisawasawa, tena mbele ya Machano. Magunia yakapelekwa kituo cha kununulia pamoja na mwenyewe, na karatasi yenye jina langu ikachanwa. Kabla ya magharibi nilikuwa nje, huru, nina njaa ya ajabu.

Kesho yake Bwana Edgar aliniita. Nikajua nimefukuzwa, nikaamua nimtangulie. Nikamwambia kwamba nikibaki au nisibaki, tukio la mpakizi sitalitolea vifaa mpaka mwenye mbio zake aulizwe. Nilisema nikiwa nimekaa kitini. Akanitazama, kisha akasema, "Mlete."

Mzee Haji akaja Jambiani, akawekewa kiti kwenye kivuli cha gari. Machano akaikimbiza ndege huku gunia liko kichwani, anapiga kelele, na magunia siku hiyo yalikuwa ya maranda na sikusema neno. Tulikuwa tunamchungulia mzee kwa hofu. Akacheka! Alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Nilikimbia vibaya kuliko hivyo," akasema. Akajipangusa macho. "Lakini ndege igeuke."

"Mzee," Bwana Edgar akasema taratibu, "kwenye kisa cha kweli haikugeuka."

"Kijana, najua haikugeuka. Nilikuwepo. Ndo maana nnataka igeuke."

Shida ni kwamba ndege ile inavutwa mbele tu, kugeuka haiwezi. Basi tukatoa kamba tukaigeuza kwa mikono, waigizaji, madereva, mpishi, yule askari wa ndala, na mimi nimefunga kanga kiunoni. Mawe yale yanakata na ndege ilikuwa nzito. Tukasikia mlango wa gari jingine lililoegeshwa mbali. Kapteni Mbarouk, ambaye siku nzima alikuwa humo bila kuthubutu kushuka, alikuja bila bakora, akaweka bega lake kwenye mkia wa ndege. Hakuna aliyemzuia. Tukasukuma pamoja naye mpaka ilipomfikia Mzee Haji, aliyekuwa ameinuka kitini, na safari hii Mzee Haji hakukimbia hata hatua moja.

Mama, kazi bado ninayo, na imebaki wiki mbili. Nikimaliza nakuja, nikae nawe mwezi mzima. Nisalimie shangazi Hawa wa mawese, na baba mdogo Ramadhani fundi baiskeli, umwambie pampu niliyomwahidi nimeshainunua. Msalimie bibi mzaa baba, umbusu mkono kwa niaba yangu. Zaituni, sasa unaweza kwenda kunywa maji.

Uniombee, Mama, na ukimaliza kuniombea mimi, waombee wazee wale wawili. Nasikia jana Kapteni alionekana huko mashambani, amekaa kwenye jamvi, anafundishwa kugeuza karafuu.

Ni mimi binti yako, niliye huru na kazini,
Mwanaidi