Kikohozi cha Kanisani

Venezia, Jumapili jioni

Zorzi wangu,

Naandika mbio mbio, nivumilie mwandiko! Leo tumepiga ile konseto mpya, ile ambayo fidla moja inabishana na okestra nzima. Na fidla hiyo ilikuwa yangu!

Kuna mahali okestra inanyamaza, mpigaji anajitungia papo hapo. Mimi nikaingiza mwito wa yule mama wa maandazi anayepita na mtumbwi chini ya dirisha letu. Maestra Lugrezia, mwalimu wetu wa muziki, akaninong'oneza, "We mtoto, umerogwa?"

Nilipomaliza, kimya. Sisi yatima tunapiga nyuma ya wavu wa chuma, sikuona uso wa mtu. Nikajua nimeharibu.

Mara mmoja akakohoa. Kanisani ni marufuku kupiga makofi, basi wakakohoa wote! Wakapenga kamasi, wakasugua viatu sakafuni, hata padri akashindwa kuendelea. Bettina, mwenzangu wa fidla, akanifinya: "Shoga, umewamaliza!"

Mama yako hajambo? Soksi alizonifumia zimefika, zinanitosha vizuri.

Sasa, lile ombi lako la ndoa. Msimamizi wa nyumba yetu ya yatima ameshaniwekea karatasi mezani. Binti wa hapa akiolewa, anatia sahihi kwamba hatapiga tena mbele za watu maisha yake yote. Wewe ni mwema, Zorzi, na huko Treviso najua nitapendwa. Lakini huko mtu akikohoa, kazi yangu itakuwa kumchemshia dawa.

Mwambie Mama asinunue kitambaa cha harusi.

Orsetta wa fidla