Maradhi Niliyompa Mama

Al Amerat,
Maskati.
14 Novemba 2025

Mpendwa Mama mdogo Zuwena,

Assalaam alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, goti limepunguza kukuuma, na Baba Jaifar ameacha kugombana na daktari wake juu ya chumvi. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Joto limeanza kutuachia. Asubuhi tunafungua madirisha, na Mama anakaa uani na kahawa yake.

Utashangaa kuletewa barua zama hizi za simu. Mwenzetu mmoja wa hapa, Maan, anakuja Unguja wiki hii, nimemwomba akubebee. Umeniuliza mara nyingi kwa nini Mama hapokei simu zako, au akipokea anaitikia tu kisha anakata. Nilikwambia ana mafua. Hana mafua. Jambo lenyewe siwezi kulitamka, ndiyo maana naliandika.

Kazini ni vilevile. Kila asubuhi navuka mlima na foleni ya magari, nafika Qurum nimechoka kabla sijawasha kompyuta. Pale ofisini kwetu, simu ya Mama ikiita natoka nje, nasimama kwenye ngazi, ndipo namjibu kwa Kiswahili. Hakuna aliyewahi kunicheka. Ni mimi tu na kujishaua kwangu. Nakueleza hili ili ujue yaliyofuata hayakuanguka kutoka mbinguni.

Binti yetu Shatha amepata mchumba, kijana wa Bustan, jina lake Muatasim. Ana adabu na kazi yake nzuri. Wanawake wa kwao walikuja kutuona mwezi uliopita. Wiki nzima nilihangaika na mapazia na mafinjani mapya, kama kwamba walikuwa wanaoa mapazia. Mama aliamka alfajiri akapika vileja na katlesi.

Unajua mimi nilipoletwa huku, Mama alibaki huko na bibi mpaka bibi akafariki, akaja huku mtu mzima. Kiarabu anakisikia, lakini akikisema Kiswahili kinaingia katikati bila kubisha hodi. Wageni walipokaribia kufika nilimwomba abaki chumbani. Nikamwambia watu ni wengi, atachoka. Alikuwa ameshavaa lile gauni lake la kijani na ameshajifukiza udi. Akanitazama, akasema sawa, akafunga mlango mwenyewe.

Mamake Muatasim alivisifu vileja, nikasema tumeviagiza. Akauliza bibi wa bwana... nasema vibaya, bibi wa biarusi yuko wapi. Nikasema anaumwa kidogo, amelala.

Mama mdogo, nimelelewa huku tangu msichana, nikasahau jambo ambalo hata mtoto wa hapa analijua. Ukisema mtu anaumwa, umeshawaalika watu. Kumzuru mgonjwa kwao si hisani, ni wajibu. Siku ile niliwazuia mlangoni kwa kusema ndiyo kwanza amepata usingizi. Baada ya siku chache, alasiri, gari lao likasimama nje. Walileta asali, matunda na maji ya zamzam, na safari hii walimleta hata bibi yake Muatasim, ambaye hatoki nyumbani ila kwa shida.

Mama alikuwa uani anachambua mchele. Alisikia sauti zao, akaniangalia usoni. Aliweka sinia chini, akaingia chumbani, akapanda kitandani na kujifunika blanketi mpaka kidevuni.

Yule bibi alikaa ubavuni pake, akamshika mkono, akamsomea dua hadi machozi yakamtoka. Akamuuliza anaumwa wapi. Mama alionyesha koo, akakohoa. Muda wote waliokaa hakufungua mdomo, ili Kiswahili chake kisije kumponyoka mbele yao. Na mimi nilisimama pale nikiwagawia kahawa.

Walipoondoka niliingia kumshukuru. Hebu fikiria, kumshukuru. Alikuwa ameketi kitandani, anakunja blanketi. Aliniuliza taratibu, bila hasira:

“Na siku ya harusi, mwanangu, ntaumwa nini?”

Toka hapo akanyamaza, nyumbani na kwenye simu. Mamake Muatasim akawa ananipigia kumuulizia mgonjwa, nami nampa habari kuwa leo amekunywa uji, leo koo limelegea. Nimekuwa mwongo hodari. Mume wangu Sinan alinisihi niyamalize. Shatha yeye aliniambia wazi kwamba hatakaa kwenye kiti cha biarusi ikiwa bibi yake atakuwa amefichwa chumbani. Nilimkasirikia sana, kwa sababu alikuwa na haki.

Jumanne nilimchukua Mama tukaenda Bustan. Alivaa gauni lilelile la kijani. Niliogopa posa ingevunjika, na sitakuficha, niliogopa zaidi watakavyonitazama. Nikasema kwa Kiarabu, haraka haraka, mbele ya wanawake wote, kwamba Mama hakuwa mgonjwa, kwamba vile vileja ni vya mikono yake, na kwamba mimi ndiye niliyemficha. Mama hakuwahi kuyashika maneno yangu yote, akanivuta shela.

“Umewambia nini?”

Nilimtafsiria. Ile haraka niliyoitumia kwa Kiarabu, kwa Kiswahili sikuipata.

“Nimewaambia nilikuonea haya, Mama.”

Alirekebisha ushungi wake. Aliwatazama mmoja mmoja, akamaliza kwa yule bibi.

“Basi wambie mie nishapona.”

Nikawaambia. Yule bibi akacheka, akamsogezea nafasi ubavuni pake, na wakakaa hivyo mpaka magharibi, huyu na Kiarabu chake, huyu na mchanganyiko wake. Posa ipo, na harusi ni baada ya Idi, inshaallah. Siku ile wote walicheka isipokuwa mimi.

Nilidhani yamekwisha. Lakini jana jirani aligonga mlango, na Mama akainuka na kahawa yake mkononi, akaniuliza akae au aingie ndani. Sijui kama alikuwa ananitania. Nilimwambia akae, na nikaenda kufungua mlango huku sina pa kuuweka uso wangu.

Mpigie siku yoyote, safari hii ataongea. Usimwambie kama nimekuandikia.

Nisalimie Baba Jaifar, Loay na wanawe, na majirani wote wanaonikumbuka. Mwenyezi Mungu akuepushe na maradhi ya kweli, na akuepushe na haya tunayopewa na watoto wetu.

Mwanao akupendaye,
Sayyida