Nimelitaja Jina Lako Mbele ya Mtoto

Dada Leo,

Deo ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuniitikia salamu. Anatambaa kwa kurudi nyuma, baridi ya huku kwetu haijamshinda, na ana meno matatu. Hilo la tatu nitakueleza lilivyokuja.

Aliyemnyonyesha ni Mama Masanja, yule jirani Msukuma mwenye ng'ombe. Tulipokuzika na yeye alikuwa na mtoto mchanga. Nesi wa zahanati alimpima damu kwanza, akasema sawa, basi akawa anampakata wako huku na wake kule. Kila akija hututania: "Nyie Wafipa endeleeni kulima ulezi wenu, huyu nimeshamgeuza Msukuma. Akikua atachunga." Ni yeye tu anayeweza kumchekesha Mama. Shemeji amerudi Kasanga kwenye mizigo ya boti. Akipata nafasi anakuja na samaki wa ziwani, migebuka mikavu, anambeba mwanawe siku nzima, hasemi sana.

Mimi nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Nashinda na Deo mgongoni.

Lakini kuna jambo ambalo sikuwahi kukuambia. Tangu mazishi, jina lako halikuwa likitajwa nyumbani. Mama alikataza. Alisema, kama alivyoambiwa na mama yake, kwamba mtoto aliyefiwa na mamake hatajiwi jina la mamake mpaka atembee, marehemu asije akadhani anaitwa, akaja kumchukua. Kwa hiyo ukawa "yule." Kitenge cha yule. Sufuria ya yule. Unanijua mimi, hata kuku siwezi kubishana naye. Nilinyamaza. Nikienda kuchota maji nilikuwa nalisema moyoni tu, mdomo umefungwa, nisije nikazoea kutolisikia.

Wiki iliyopita mwenyekiti wa kitongoji akaleta watu wa utafiti wa afya ya mama na mtoto. Pikipiki zao zilikuwa zimejaa tope mpaka kwenye taa. Mdadisi wetu alikuwa mama mmoja mpole aliyevaa makoti mawili na bado anatetemeka. Akauliza mtoto ni wa nani. Mama akajibu bila kupepesa, "Wangu." Yule mama akaangalia mvi za Mama, akaangalia kishikwambi chake, akasema taratibu, "Samahani mama yangu, naomba nirudie swali." Mwenyekiti akakohoa. Ningeweza kucheka kama nisingekuwa naogopa.

Umri wa Mama umepita ule wanaoutaka, kwa hiyo wa kuhojiwa nilikuwa mimi. Tuliingia chumbani sisi wawili. Deo alikuwa amelala mgongoni. Ningeweza kumwacha kwa Mama, ila alikuwa na homa kidogo tangu jana yake na sikutaka kumwamsha.

Akaniuliza kama nimewahi kuzaa. Nikatikisa kichwa haraka mpaka akatabasamu. Kisha akasema, "Sasa nitajie ndugu zako wote, watoto wa mama yako. Walio hai na waliofariki. Anza na wa kwanza."

Wa kwanza ni wewe, Dada.

Nikasema, "Filbert," kaka anayekufuata wewe. Akaandika. Akauliza kama kuna aliyemtangulia Filbert. Nikaangalia sakafu. Deo alikuwa anapumua shingoni kwangu, pumzi ya moto. Niliwaza, nikilitaja na homa hii ikapanda, Mama hatanisamehe na mimi sitajisamehe. Halafu nikawaza, nikisema hakuna, basi ndani ya kile kishikwambi hujawahi kuzaliwa.

Mdadisi aliona. Akaniambia, "Si lazima ujibu, mdogo wangu." Akavuta koti. "Ila akina mama waliofariki hawawezi kutujibu wenyewe. Ndiyo maana tunawauliza ndugu zao. Tukijua wanapotelea wapi, ndipo tunajua damu na gari vipelekwe wapi."

Nikasema, "Leonsia."

Dada, sauti ilitoka kubwa. Sijui ilitoka wapi. Deo akashtuka, akanipiga teke la mbavu, akainua kichwa. Nyuma ya pazia la mlango nikasikia kiti cha Mama kikigonga ukuta.

Yule mama hakuuliza nani alikuroga, kama walivyouliza watu msibani. Aliuliza kama ulikuwa mjamzito ulipofariki. Nikasema hapana, alikuwa ameshajifungua. Akauliza baada ya muda gani. Nikasema siku ile ile, damu ilikataa kukoma na gari lilichelewa kwa sababu ya tope. Akaandika, akafuta jicho kwa mkono wa koti, akaendelea na swali linalofuata. Nilijisikia kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

Kisha wakampima Deo. Walipomlaza kwenye ubao wa kupimia urefu alilia, nadhani Kaoze nzima huko bondeni walimsikia. Wakamzungushia mkononi ule utepe wa rangi. Ukasoma kijani, maana yake amelishwa vizuri. "Huyu ana wenyewe," mdadisi akasema. Kuhusu homa akatuambia tumpeleke zahanati, na tulimpeleka jioni ile ile. Wakampima malaria, hana.

Mama hakunigombeza. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Alimpakata Deo, kiganja kwenye paji la uso, hakukitoa. Mimi nilikaa karibu na moto, nikikuomba kimya kimya: usije, Dada. Kama umesikia, tafadhali, ulikuwa unahesabiwa tu.

Hukuja. Asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Mama alimpa kijiko cha uji, kikagonga kitu. Akaingiza kidole, akaita kwa nguvu, "Skola! Jino!"

Tulicheka mpaka tukalia, au tulianza kulia, sikumbuki. Kisha Mama akakoroga uji kwa muda mrefu, akauliza bila kunitazama, "Jana ulimwambia kwamba alikuwa anaimba kwaya?"

"Hapana, Mama."

"Na kwamba alikuwa hawezi kupika ugali bila kuuunguza?"

"Hakuuliza."

"Kile kidude hakina sehemu ya hayo?"

"Hakina, Mama."

"Basi wameandika nusu," akasema. Akamnyanyua Deo, akamtazama usoni, akamwambia, "Mama yako anaitwa Leonsia." Deo akamshika pua.

Sasa tunalisema kila siku. Kitenge cha Leonsia. Sufuria ya Leonsia, ile iliyoungua chini.

Lala salama, Dada Leo. Usiwe na wasiwasi juu yetu. Ile nusu wameichukua, na wakiitumia vizuri labda dada wa mtu mwingine atarudi nyumbani na mtoto wake. Nusu iliyobaki ni ya Deo. Nitamwambia mimi, kwa sauti ile ile iliyotoka siku ile, na akianza kutembea nitamleta hapo ulipo aje alitaje jina lako mwenyewe.

Mdogo wako,
Skolastika